Umeme wa kuazima: jinsi ya kuchagua GPU ya ndege ya injini mbili za pistoni

Kwenye viwanja kama Wilson, Arusha au Zanzibar, mashine ya umeme utakayoiona imeegeshwa karibu na ndege ndogo mara nyingi ni ya kuwashia ndege ya Cessna Caravan. Ni kubwa, ina magurudumu yake, na waya wake ni mnene na mzito kuuburuta. Mwenye ndege ya injini mbili kama Seneca au Baron akikuta asubuhi betri imelala, jicho lake linaangukia hapo hapo. Anauliza, "Ina ampea ngapi?" Akiambiwa elfu moja na zaidi anafurahi, anaomba waya uvutwe. Kama Seneca yake ni ile ya zamani, dakika moja baadaye anaweza kuwa ameunguza redio zote, kwa sababu swali la ampea halikupaswa kuwa la kwanza. Wala la pili.

GPU (si ile ya kompyuta inayotajwa kila siku kwenye habari za akili mnemba) ni chombo chochote kinachoipa ndege umeme ikiwa chini na injini zimezimwa. Inaweza kuwa boksi la betri unalolibeba kwa mkono mmoja, kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya ukutani karakanani, au mkokoteni wenye injini ya dizeli inayozungusha jenereta. Ndege ya pistoni ni ile ambayo injini yake ni ya ukoo mmoja na injini ya gari: ina silinda na pistoni, na nyingi kati yake hutumia petroli ya ndege. Caravan ina injini ya turbini, inayotumia mafuta ya jeti. Za pistoni zenye injini mbili tunazozifahamu huku ni kama Piper Seneca, Aztec na Navajo, Cessna 310 na 402, Beechcraft Baron, Britten-Norman Islander, pamoja na za kizazi kipya kama Diamond DA42 na Tecnam P2006T.

Kuna kazi tatu ambazo watu huzichanganya wanapoitaja GPU. Ya kwanza ni kuwasha injini. Ya pili ni kulisha redio, skrini na taa kwa muda mrefu ndege ikiwa imeegeshwa. Ya tatu ni kufufua betri iliyokufa ili safari iendelee. Mbili za mwanzo ni kazi za GPU kweli, ila kila moja inataka mashine ya tabia yake. Ya tatu si kazi yake hata kidogo, na ndiyo inayohatarisha maisha. Pesa nyingi zinazopotea kwenye ununuzi huu hupotea kwa sababu mnunuzi hakuamua anataka kazi ipi.

Volti, ampea na ampea-saa

Fikiria tangi la maji juu ya mnara wa nyumba. Urefu wa mnara ndio volti: ndio unaoamua maji yatashuka kwa msukumo gani. Wingi wa maji yanayopita kwenye bomba kwa wakati mmoja ndio ampea. Ukubwa wa tangi ndio ampea-saa, yaani maji yaliyomo yatakutosha kwa muda gani. Tangi kubwa lenye bomba jembamba litamwagilia bustani kutwa nzima na bado lishindwe kujaza pipa haraka. Tangi dogo lenye bomba nene litajaza pipa kufumba na kufumbua, kisha likauke. Injini inapowashwa inataka bomba nene kwa sekunde chache. Mwanafunzi anayejifunza kutumia skrini za ndege akiwa ameegesha anataka tangi kubwa, na bomba la kawaida linamtosha. Lakini ukikosea urefu wa mnara, mabomba ya nyumba yanapasuka hata kama tangi ni dogo.

Ndiyo maana volti hutangulia.

Ndege ndogo zina mifumo ya aina mbili. Kuna ya volti 12, ambayo kwenye vitabu vingi huandikwa 14 kwa kuwa altaneta (kifaa kinachozungushwa na injini ili kizalishe umeme) ikishaanza kuchaji huipandisha betri kufika hapo. Na kuna ya volti 24, ambayo kwa sababu hiyo hiyo huandikwa 28. Ukiona 12 na 14, ni ukoo mmoja. Ukiona 24 na 28, ni ukoo mwingine. Navajo, Cessna 402, Baron 58, Islander na DA42 ni za 24. Aztec ni ya 12, na Tecnam P2006T, ingawa ni mpya, nayo ni ya 12. Seneca ndiyo inayoumiza watu: zile za miaka ya 1970 ni za 12, Seneca V ni ya 24. Jina ni moja, umbo linafanana, umeme tofauti. Mtu akikwambia "hii ilikuwa inawasha Seneca ya fulani bila shida," hajakwambia kitu bado.

Ukichomeka mashine ya volti 28 kwenye ndege ya 14, kila kilichowashwa kinapata msukumo mara mbili ya kile kilichotengenezewa. Taa zitaungua kwanza, ambalo ni jambo dogo. Redio na skrini zitafuata, na hapo bili itaanza kukaribia bei ya gari. Kinyume chake, ukiipa ndege ya 28 mashine ya 14, kwa kawaida huunguzi kitu. Injini itakataa tu kuzunguka, au rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) haitafunga, nawe utabaki unalaumu stata, ile mota ya kuzungusha injini ili iwake.

Watu wengi hujitetea kwa plagi: "Imeingia, basi ndiyo yenyewe." Hapana. Plagi ya pini tatu inayoonekana kwenye ndege nyingi, yenye pini mbili kubwa na moja ndogo, hutumika kwenye ndege za 12 na za 24 vilevile. Inaingia kote. Kinachosema ukweli ni kitabu cha uendeshaji cha ndege hiyo hiyo, na kibandiko kando ya soketi kama rangi haijakifunika.

Plagi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana imebuniwa kwa akili. Pini ndogo ni fupi kuliko zile kubwa kwa makusudi. Unapochomeka, hizo kubwa hukaa kwanza. Ndogo hugusa mwisho, na kugusa kwake ndiko kunakoamuru rilei ya ndege ifunge njia ya umeme. Unapochomoa, ndogo huachia kwanza, rilei inafunguka, na pini kubwa zinatoka zikiwa hazina mzigo. Kwa njia hiyo cheche kubwa haipigi mbele ya uso wako, hatua chache kutoka kwenye tangi la petroli. Plagi iliyochakaa, ambayo pini zake zimelegea au zimeota kutu ya kijani, inaharibu mpangilio huo wote. Piper nyingi zina soketi tofauti, ya mviringo yenye pini moja katikati, na hiyo inahitaji waya wake au adapta yake. Muulize muuzaji swali hili kabla hujalipa. Adapta ikisahaulika, utaisubiri kwa wiki kadhaa.

Ampea za kwenye tangazo na ampea za kweli

Sasa ndiyo tufike kwenye swali ambalo kila mtu huanza nalo.

Stata ya injini ya pistoni, au selfu kama mafundi wengi wanavyoiita, hunyonya umeme mwingi kupita kiasi katika sehemu ya kwanza ya sekunde, wakati injini imesimama na inatakiwa kuanza kuzunguka. Baada ya hapo mahitaji hushuka. Injini ya ndege ya pistoni ikiwa nzima hushika ndani ya mizunguko michache ya propela, kwa hiyo kazi yote huisha kwa sekunde kadhaa tu. Turbini ni habari nyingine. Inabidi izungushwe kwa muda mrefu zaidi, mpaka ifikie kasi ya kujiendesha yenyewe, na ikikosa umeme wa kutosha katikati ya safari hiyo inaweza kuungua ndani. Ndiyo sababu kitabu cha Caravan kinataka chombo cha volti 28 chenye uwezo wa ampea 800 hadi 1,700. Namba hiyo ni ya Caravan. Seneca au Baron haiihitaji, na anayenunua mkokoteni wa aina hiyo kwa ajili ya Seneca moja ameajiri trekta kupalilia bustani.

Je, mashine yenye ampea nyingi itaunguza stata ya ndege ndogo? Hofu hii imeenea sana, na jibu lake fupi ni hapana, mradi volti ni sahihi. Mashine haisukumi ampea zake zote ndani ya ndege. Stata huchukua inachohitaji, na zinazobaki hukaa zilipo. Ila kuna chembe ya ukweli ndani yake: mashine yenye nguvu sana haiyumbi volti wakati wa kuwasha, kwa hiyo stata hupiga kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ikitegemea betri ya ndege iliyochoka. Kwa stata nzima hilo halina neno. Kinachounguza stata ni kidole cha rubani anayekishikilia kitufe muda mrefu kwa kuwa sasa ana umeme wa kuazima usioisha. Vitabu vya ndege huweka kikomo cha sekunde za kuzungusha na muda wa kupumzisha stata kati ya jaribio na jaribio. Kikomo hicho hakibadiliki kwa sababu umechomeka GPU.

Matangazo nayo yana mchezo wake. Utaona boksi dogo limeandikwa "ampea 2,000". Namba hiyo ni ya kilele, kile kiasi ambacho betri inaweza kukitema kwa kufumba na kufumbua kabla volti haijaporomoka. Haiwashi injini. Unachotakiwa kuuliza ni hiki: inaweza kutoa ampea ngapi mfululizo kwa sekunde 10 hadi 15, na wakati huo volti inabaki ngapi? Muuzaji anayeijua bidhaa yake atakujibu, na muuzaji asiyeijua atarudia ile 2,000.

Halafu kuna waya, ambao hautajwi kwenye matangazo. Chukua mfano wa stata ya volti 24 inayokula ampea 150 injini ikizunguka. Injini ya ukubwa uleule kwenye ndege ya volti 12 itahitaji karibu mara mbili, ampea 300, ili kupata nguvu ileile. Waya wa shaba wa milimita 35 za mraba, wenye urefu wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, utapoteza robo tatu ya volti kwenye ndege ya 24, na volti moja na nusu kwenye ndege ya 12. Kwa yule wa 24 hiyo ni kama asilimia 3, hata haisikiki. Kwa yule wa 12 ni zaidi ya asilimia 12, na injini yake itazunguka kwa kusuasua huku GPU ikionyesha kwamba imejaa. Mwenye ndege ya volti 12 anunue waya mnene na mfupi. Ule mrefu unaofika hadi mwisho wa karakana ni anasa ya wenye 24.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Rudi kwenye ile stata ya ampea 150. Tuseme imezunguka sekunde 5 injini ikashika. Zidisha, kisha ugawe kwa sekunde 3,600 za saa moja: umetumia ampea-saa 0.2 tu. Washa injini zote mbili, 0.4. Hata ukihangaika na injini yenye joto na kuzungusha kwa jumla ya sekunde 30, utakuwa umetumia ampea-saa 1.25.

Sasa kaa chini ya kivuli cha bawa na mwanafunzi, skrini zimewaka, redio mbili zimewaka, feni ya kupoza vyombo inazunguka, jumla ampea 30. Baada ya saa moja umetumia ampea-saa 30. Somo hilo moja limekula umeme ambao ungewasha injini za ndege hiyo mara nyingi sana, na betri ya ndege nyingi za aina hii haifiki hata ampea-saa 40.

Kumbe kuwasha injini kunataka bomba nene na tangi dogo, wakati somo la ardhini, au fundi anayepima mfumo wa magurudumu siku nzima, anataka tangi lisilokauka. Kwa maoni yangu, shule ya urubani au mwenye ndege moja mbili hafaidiki na mashine moja kubwa inayodai kufanya yote. Bora anunue mbili ndogo. Moja iwe boksi la betri la kuwashia, jepesi, linaloweza kutoa ampea 250 hadi 300 kwa ndege ya volti 24 bila kuyumba. Nyingine iwe ya kuchomekwa ukutani, yenye kutoa volti 28 thabiti na ampea 50 hivi, ikae karakanani moja kwa moja. Mwenye ndege ya volti 12 aanze kuhesabu juu ya hapo kwa ampea, si chini.

Kuna jambo la hali ya hewa yetu ambalo vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi hawalipi uzito. Wao wanaogopa asubuhi ya barafu, mafuta ya injini yakiganda. Sisi, hata Wilson iliyo juu mita 1,690 hivi kutoka usawa wa bahari, asubuhi ya Julai ina ubaridi tu, haina barafu. Adui wetu ni saa saba mchana. Ndege yenye injini za kupuliza petroli kwenye silinda, kama Baron au Seneca, imetua Zanzibar, abiria wameshuka, wengine wamepanda, dakika 20 zimepita. Joto la injini limechemsha petroli iliyomo kwenye mabomba membamba juu ya silinda, na sasa pampu inasukuma mvuke. Rubani anazungusha, inakohoa, inazima, anazungusha tena. Betri ya ndege ambayo ingewasha injini baridi mara kumi inachoka kwa injini moja yenye joto. Hapo boksi la kuwashia ndilo linaloonyesha thamani yake, ingawa kusoma ukurasa wa kitabu unaoeleza namna ya kuwasha injini yenye joto kungemsaidia hata zaidi, na ni bure.

Chaja, gari na mizigo ya lithiamu

Chaja ya betri si GPU. Hili hurudiwa kila mara na bado watu hulisahau. Chaja ya bei nafuu hutoa umeme unaopanda na kushuka, na betri ndiyo inayoulainisha. Ukiitumia kulisha vyombo vya ndege moja kwa moja, hasa skrini za kisasa, unavilisha umeme mchafu. Mashine ya ukutani unayoitaka iwe ni ya kutoa volti thabiti bila kujali mzigo. Hata ukiwa na mashine safi kiasi gani, swichi ya redio na skrini ibaki imezimwa unapochomeka, unapochomoa na unapowasha injini.

Ukiagiza kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma. Mashine nyingi za ukutani za huko zimetengenezwa kwa volti 115 na mawimbi 60 kwa sekunde. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230 au 240, mawimbi 50. Mashine zingine hukubali zote, zingine haziishi hata sekunde moja ukizichomeka.

Boksi za lithiamu ni nyepesi mno kuzidi za risasi na asidi, na ukibeba moja kwenye ndege yenye uzito mdogo wa ziada utaipenda. Tatizo lake ni usafirishaji. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Zikienda kwa njia ya anga, lazima ziende kwa ndege za mizigo tu, tena zikiwa zimechajiwa kisichozidi asilimia 30. Na usifikirie kuibeba kwenye begi ukirudi kutoka Dubai. Kikomo kwa abiria ni wati-saa 160 (yaani volti mara ampea-saa), na boksi la volti 24 lenye ampea-saa 20 lina karibu 480.

Vipi kuhusu gari? Kuna anayeona Land Cruiser pembeni ya kiwanja cha vumbi na nyaya za kujampia ziko nyuma ya kiti. Au anaunganisha betri mbili za magari mfululizo kupata 24. Kiumeme inawezekana, na wapo watakaokwambia wamefanya na hakuna kilichotokea. Lakini vibanio vya gari havina ile pini fupi ya kulinda. Ukivigeuza chanya kwa hasi hata kwa kugusa tu, diodi za altaneta na redio zinaweza kwenda kwa mkupuo mmoja. Vinabanwa juu ya betri yenyewe, inayotoa gesi ya haidrojeni, na cheche inapigwa hapo hapo. Gari likiwa linanguruma, volti yake nayo inaruka. Ndege ya mamilioni mengi kuwashwa kwa nyaya za elfu thelathini ni mpango ambao bima yako ingependa kuusikia mapema.

Betri iliyokufa na ndege iliyoruka

Machi 2007, ndege ya DA42 ilikuwa Speyer, Ujerumani, betri yake imeisha. Injini zote mbili ziliwashwa kwa umeme wa nje, kinyume na kitabu chake. Zilishika vizuri. Ndege ikaruka. Rubani alipokunja magurudumu, injini zote mbili zikazimika.

Injini za DA42 ni za dizeli, na zinasimamiwa na kompyuta. Kukunja magurudumu kulivuta umeme mwingi kwa mara moja. Kwenye ndege yenye betri nzima, betri ingeuziba ule upungufu wa kitambo. Betri ilikuwa tupu, volti ikaporomoka, kompyuta za injini zikapoteza umeme kwa muda mfupi mno, na hiyo ikatosha. Baada ya tukio hilo kompyuta hizo ziliwekewa betri zake za akiba.

Mwenye Seneca au Baron husoma habari hii na kupumua: injini zake zina magneto, vifaa vinavyotengeneza cheche zenyewe kwa kuzungushwa na injini bila kutegemea betri. Ni kweli, injini hazitazimika. Lakini hebu aifuate betri yake tupu hewani. Altaneta huhitaji umeme kidogo kutoka kwenye betri ili ianze kuzalisha. Ikikosa huo, inaweza kuzunguka bure. Ikianza, itaimwagia betri tupu mkondo mkubwa wa kuchaji, na betri itapata joto. Pampu inayokunja magurudumu ya Seneca inaendeshwa kwa umeme, magurudumu ya Baron yana mota ya umeme. Altaneta zikifeli ndani ya wingu, kanuni za Marekani za ndege ndogo zilizobuniwa katika miongo ya karibuni zinataka betri iweze kubeba vyombo vya lazima kwa angalau dakika 30. Betri iliyokuwa imekufa asubuhi na kuchajiwa dakika 10 wakati wa kwenda kwenye njia ya kurukia haina dakika hizo.

Kwa hiyo, betri dhaifu kidogo kwa sababu ya injini yenye joto, au kwa sababu unataka kuipunguzia mzigo, GPU ni yako. Betri isiyoweza hata kufunga rilei yake, itolewe, ichajiwe karakanani na ipimwe uwezo. Safari isubiri. Najua gharama ya kuwaambia abiria wanne wasubiri, hasa wakiwa na ndege nyingine ya kuunganisha Nairobi, lakini GPU haiwezi kubadilisha jibu hilo.

Hili ndilo linaloeleza pia kwa nini vitabu vingi vya ndege za injini mbili vinakutaka uwashe injini moja tu kwa umeme wa nje, uchomoe, uhakikishe altaneta inachaji, kisha uwashe ya pili kwa umeme wa ndege yenyewe. Injini ya pili inakuwa mtihani wa betri. Ikikataa kuwaka, umejua ukiwa bado chini.

Injini ipi ianze? Tafuta soketi ilipo. Kwenye ndege nyingine iko puani, nyingine kwenye bawa nyuma ya injini. Mtu atakayechomoa waya atasimama hapo, na propela inayozunguka haionekani vizuri hata mchana kweupe. Washa kwanza injini iliyo upande wa mbali na soketi, kama kitabu hakisemi vinginevyo. Mchomoaji aje kutoka nyuma ya bawa au kwa njia mliyokubaliana kabla, aondoke kwa njia ileile, na rubani asiguse injini ya pili mpaka amwone kwa macho akiwa mbali, waya mkononi.